Friji langu lilikuwa linakwaruza usiku kucha: fundi wa kwanza alisema kompresa

Friji langu ni la milango miwili, la aina ile isiyotakiwa kuganda barafu ndani. Nililinunua la mtumba mwaka 2021 na kwa muda mrefu halikunisumbua. Maziwa ya watoto, samaki wa wiki nzima na juisi ya ukwaju ninayouza hapa Mbagala, vyote vinalitegemea. Kisha mwezi wa pili, joto limepamba moto, likaanza kelele. Mkwaruzo kama wa kijiko kinachokomba ukoko sufuriani, juu kwenye friza: unaanza, unakatika, unaanza tena. Jiko na chumba vimetenganishwa na pazia tu, kwa hiyo tulikuwa hatulali.

Fundi wa kwanza aliweka mkono nyuma ya friji, akasikiliza kidogo. "Mama, kompresa imechoka hii." Kompresa ndiyo ile mota ya chini nyuma inayosukuma gesi. Alitaka shilingi 180,000, kubadilisha na kujaza gesi. Nikaanza kukusanya hela.

Aliyeniokoa ni binti yangu. Alifungua friza achukue barafu, kelele ikakata papo hapo. Akafunga, ikarudi. Tulirudia mara nne, hali ile ile. Sasa, kompresa haizimi kwa sababu umefungua mlango. Kinachosimama ni feni ya ndani: kuna kitufe kwenye fremu, mlango ukikiachia, feni inatulia. Nilikibonyeza kwa kidole mlango ukiwa wazi, mkwaruzo ukaanza mbele ya macho yangu.

Nikachomoa friji, samaki nikawapeleka kwa jirani, milango nikaiacha wazi mchana na usiku wake. Maji yaliyotoka yalilowesha matambara yote ya nyumba. Nilipowasha, kimya kabisa. Barafu ilikuwa imejaa nyuma ya ubao wa friza hadi ikagusa mapanga ya feni. (Tafadhali msiichokonoe kwa kisu. Mabomba ya gesi humo ni laini, na mafriji mengi ya siku hizi yana gesi ya R600a, ambayo inashika moto.)

Siku ya kumi na moja mkwaruzo ukarudi. Nilimwita fundi mwingine, nikamsimulia yote, naye akanisikiliza. Alifungua ubao, akapima kwa mita. Hita ilikuwa nzima, ila fyuzi yake ya joto imekatika. Hita hiyo huwaka kila baada ya saa kadhaa kuyeyusha barafu, maji yakashuka kwa kibomba hadi kwenye sahani iliyo juu ya kompresa, yakakaukia hapo kwa joto lake. Fyuzi ikikatika, barafu inaota tu. Alibadilisha, akazibua kibomba kwa maji ya moto, akakaza ile sahani iliyokuwa ikitetema, na akazungusha miguu ya mbele kwa kuwa sakafu yetu imebonyea. Jumla 35,000, kifaa na ufundi.

Kwenu ikiwa sauti inatoka chini nyuma, "tik", mngurumo mfupi, "tik", halafu kimya cha dakika chache na inarudia, hilo ni jambo jingine: kompresa inashindwa kuanza. Huenda rilei (kile kidude kinachoisaidia kuanza) imekufa, au umeme ni mdogo. Chomoeni kwanza ndipo muite fundi.

Langu sasa lina mwaka na miezi miwili bila mkwaruzo. Fundi wa pili nampa nyota tano, na majirani wawili nimeshawapelekea.