Wavu wa kuchomelea kwa banda la kuku: tathmini baada ya mwaka mmoja na mbwa wa jirani

Nimefuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba yangu, nje kidogo ya mji wa Kibaha, kwa miaka kadhaa, na katika muda huo nimetumia aina mbili za wavu. Wa kwanza ni ule mwepesi wa matundu ya pembe sita, ambao madukani huitwa wavu wa kuku. Wa pili ni wa nyaya zilizochomelewa kila zinapokutana, wenye matundu ya mraba ya inchi moja. Tathmini hii inauhusu huu wa pili, lakini siwezi kuueleza bila kusema yaliyonipata na ule wa kwanza.

Jina lenyewe linapotosha. Wavu wa kuku humzuia kuku asitoke; haumzuii mbwa asiingie. Waya wake ni mwembamba na umesokotwa tu, hivyo sehemu moja ikikatika, matundu ya jirani nayo hulegea, na mbwa anayevuta kwa meno huku akisukuma kwa miguu ya mbele hachukui muda mrefu kupenya. Muuzaji aliniapia kwamba hata fisi hapiti. Alfajiri moja ya masika sikusikia jogoo akiwika, nikatoka na tochi, nikakuta matetea tisa wametapakaa uani, wameng'atwa migongoni na kuachwa bila kuliwa, manyoya yao yamegandamana na matope. Hapo sikuhitaji shahidi, kwa sababu kicheche mara nyingi hubeba windo lake akalile, ilhali mbwa anayezurura huua kwa kuwa kuku wanakimbia, na huendelea maadamu yupo anayerukaruka.

Nilikwenda kwa mwenye mbwa kabla ya chai. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Huyu wangu nilimfunga jana jioni." Tulizunguka nyuma ya nyumba pamoja, tukaukuta mnyororo umelala chini na kola yake bado imefungwa, haina shingo. Alinilipa nusu ya hasara mbele ya mjumbe wetu, na sina kinyongo naye, lakini siku hiyo niliamua kwamba usalama wa kuku wangu hautategemea tena kola ya mtu mwingine.

Aliyewahi kununua bati anaijua hesabu ya geji: namba ikipungua, unene unaongezeka. Niliuchagua wavu wa geji 16, nikauacha wa geji 20 uliokuwa kando yake kwa bei nafuu. Kwa mita moja nililipa karibu mara tatu ya bei ya wavu wa kuku, na fundi naye aliongeza ujira kwa sababu wavu huu ni mzito, haukunjiki kirahisi, na ncha zake hukwaruza mikono. Tuliupigilia upande wa nje wa nguzo, ili mbwa akisukuma awe anaukandamiza kwenye mti badala ya kuung'oa, kisha tukafunika kingo zake kwa mbao nyembamba, kwani misumari ya umbo la U peke yake hulegea ikivutwavutwa.

Baada ya mwaka mmoja, hakuna hata kiungo kimoja kilichoachia. Zipo alama za meno mahali patatu, ambapo zinki imechubuka na kutu imeanza kujitokeza, kama ilivyoanza pia kwenye ncha tulizozikata. Hizo nimezipaka rangi.

Kasoro ya kwanza ni ukubwa wa matundu. Vifaranga wa siku chache hujipenyeza, na paka huingiza mguu akawakwapua walio karibu na ukuta. Ilinibidi niongeze wavu wa nusu inchi kwa sentimita 60 za chini, gharama ambayo ningeiepuka iwapo ningeununua huo tangu mwanzo.

La pili si kosa la wavu, ila mnunuzi asipoambiwa ataulaumu wavu. Mbwa akishindwa ukutani huchimba, na udongo wetu wa kichanga humrahisishia kazi. Wiki ya pili tu nilikuta shimo la kutosha bega lake chini ya ukuta mpya. Tiba yake ni kuulaza wavu chini kuelekea nje, upana wa sentimita 60 hivi, ukiwa umefungwa kwenye ukuta na kufukiwa kwa udongo na mawe, kwa sababu mbwa huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi, akafikia waya, na kwa kawaida hafikirii kurudi nyuma akaanzie mbali. Kwa hiyo anayepima banda lake aongeze mita za kulaza kabla ya kwenda dukani. Chini ya mlango tulimwaga kizingiti cha zege, na komeo la mbao la kuzungusha nikalibadilisha kwa la chuma.

Kwa usiku, basi, naupendekeza bila kusita. Mchana ni habari nyingine, kwani kuku aliye nje akitafuta mchwa hana wavu wowote. Wangu sasa huwafungulia saa kumi alasiri, ninapokuwa uani mwenyewe, na wanapoanza kurejea bandani jioni huwahesabu mmoja mmoja mlangoni.