Jumamosi ya kanga kwenye maktaba yetu ya Moshi

Mimi ni fundi cherehani, nashona karibu na soko la Mbuyuni, na Jumamosi mchana nafunga mapema niende maktaba. Wateja wameshazoea. Wengi mjini wanadhani maktaba ni ya wanafunzi wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani, na kwamba mtu mzima hana lake pale. Analo.

Kipindi kinachoshinda vyote ni cha kanga. Kila anayekuja anabeba kanga yake ya zamani, anaitandaza mkekani kwenye chumba cha watoto, anasoma kwa sauti jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kisha anaeleza ilimfikiaje. Mkutubi anayeongoza ni binti mdogo tu, lakini ana heshima ya kusikiliza. Anaonyesha pindo linalozunguka pande nne, mji ulio katikati na jina lililokaa chini ya mji, halafu anawaachia wenye kanga wenyewe.

Mama mmoja wa Kiboriloni alileta doti aliyopewa na mama mkwe alipojifungua mtoto wa kwanza. Imeandikwa "Wema hauozi". Kipande kimoja amebebea watoto wote mpaka rangi imekwisha. Cha pili hakijawahi kuguswa na maji. Alisema yeye na mkwewe walikuwa hawaelewani kabisa, na siku ile mama yule hakutamka neno. Aliweka kanga kitandani pamoja na bakuli la mtori, akatoka. Bibi mmoja aliyekaa pembeni akauliza, "Na wewe mwanangu, ulimjibu kwa kanga gani?" Akasema alisubiri mavuno ya kahawa yauzwe, akaenda dukani kumnunulia "Nani kama mama". Vigelegele vilivyopigwa viliwatoa wanafunzi kwenye meza zao.

Bibi mwingine, mzaliwa wa Tanga, alikuja na kanga ya mama yake yenye jina la herufi za Kiarabu, kama zilivyoandikwa zamani. Ameitunza sandukuni miaka yote bila kujua inasema nini. Mzee mmoja anayefundisha madrasa akaishika, akamsomea taratibu, mara mbili. Bibi akaomba arudie tena.

Kazi yangu ni kukata kanga: magauni, mashati ya watoto, foronya za mito. Siku hizi mteja akinikabidhi kanga namuuliza kwanza anataka jina likae wapi, mgongoni au chini ya gauni, na tunaanza kuzungumza kabla hata sijachukua vipimo. Hilo nimelipata pale mkekani.

Hadithi za watoto nazo ni nzuri. "Paukwa!" "Pakawa!" kisha mzee msimuliaji anaingia kwenye Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, jinsi Mawenzi alivyozidisha kuomba moto kwa nduguye hadi akapigwa, ndiyo maana kilele chake kimechongoka. Mawingu yakiwa yamefunguka, watoto wanatoka nje kuhakikisha kwa macho yao. Mzee huyohuyo anatokea Old Moshi, na kwa wakubwa alisimulia habari za Mangi Meli, chifu wa huko, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na namna wenyeji wanavyoamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Alisimulia kama alivyosikia kwa babu yake, akitaja miti, mabonde na mifereji ya maji kwa majina ya Kichagga.

Hapo ndipo ninapoumia. Hakuna aliyerekodi. Mchapishaji wa kitabu hapa nchini anatakiwa kisheria apeleke nakala Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ili kitabu kisipotee. Hadithi ya mzee huyu haina mchapishaji, basi inaondoka naye jioni kwenye daladala. Simu ya mkononi inatosha kurekodi, na daftari moja rafuni linatosha kuandika jina la kanga, aliyeileta na maneno yake. Nimewaomba wahudumu, wakasema watalifikisha kwa wakubwa wao. Nami naomba hapa hadharani, kwa upendo, wasichelewe. Wale bibi ni watu wazima sana.

Uchoraji bado. Watoto wanapewa picha ya twiga wainakili, na wote wanatoka na twiga mmoja. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, hakungoja vifaa vya ghali. Watoto wa Pasua na Njoro waachwe wachore wanachokiona: migomba, bodaboda, mama anayechoma mahindi.

Ngoma inapigwa uani, na ni sawa iwe huko, maana wanaojisomea wana haki ya utulivu. Ila mvua ikinyesha inaahirishwa bila taarifa, na wazazi wanakuwa wameshalipa nauli.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kipindi cha kanga kinaanza saa nane mchana, lakini fika mapema kidogo, mkeka ni mmoja na unajaa. Mkoba unaachwa mapokezi; kanga ingia nayo mkononi.