Springi za mtumba za Hilux, duka la spea Mwanjelwa, Mbeya

Hilux LN106 imekaa juu ya springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) mbele na nyuma. Zikichoka, gari linainama na kila shimo unalisikia kiunoni. Yangu inabeba viazi kutoka Isyonje, kwa hiyo za nyuma zilikuwa zimelala kabisa.

Duka hili la Mwanjelwa nimelipenda kwa sababu muuzaji hana papara ya kukuuzia. Alizilaza springi sakafuni, akapiga brashi ya waya jani kwa jani, tukatafuta nyufa pamoja, hasa kwenye tundu la senta bolti, ile ya katikati inayofunga majani pamoja, maana jani hupenda kuvunjikia hapo. Jani moja lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akalitupa pembeni mwenyewe: "Hili siwezi kukupa, kaka."

Yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) na bushi (vipira vya kwenye ncha za springi) za mtumba alikataa kabisa kuniuzia, akanielekeza ninunue mpya. Yuko sahihi: yubolti ikishavutika haishiki tena vizuri.

Nimefunga mwenyewe nyumbani Uyole, gari likiwa juu ya stendi, siyo jeki tupu. Nati za pini zinazoshika ncha za springi nilizikaza mwisho, gari limeshashuka na uzito wake, ili bushi zisijisokote. Baada ya mzigo wa kwanza nikazirudia yubolti kwa spana.

Bei yao si ya chini, na risiti mpaka uombe. Lakini gari limenyanyuka, limesimama sawa, na kwenye kona za kupanda Isyonje halilali tena upande. Shokapu za mbele nitazifuata hapohapo.