Kabureta ya AG yangu: nilinunua mpya, nikarudia ya zamani

Moto yangu (pikipiki) ni Yamaha AG 100, ile yenye injini ya mipigo miwili (two-stroke), yenye karia mbele na nyuma na mnyororo uliofunikwa wote. Hapa Goma haihitaji kutambulishwa: ndiyo moto ya manesi wa vijijini, ya maagronomu na ya mapadri wa parokia za mbali. Mimi niliipata mkono wa tatu, na kabureta iliyokuwa juu yake, kile kifaa kinachochanganya esansi na hewa, ni Mikuni ya Kijapani yenyewe, haijawahi kubadilishwa.

Ugonjwa ulianza na harufu. Kila asubuhi nikifungua chumba ninamoilaza, esansi (petroli) inanipiga puani, na chini ya injini kuna doa lenye ukubwa wa sahani. Baada ya wiki chache ukaja ugonjwa wa pili. Nikiachia gesi, yaani mpini wa kuongeza mwendo, tuseme ninapofika mzunguko wa Signers, injini haitulii. Inaendelea kulia juu kama vile bado nimevuta, halafu ghafla inazimika, na nyuma yangu tayari kuna motari, dereva wa moto ya abiria, anapiga honi.

Niliowauliza karibu wote walikuwa na jibu moja: kabu imekufa, weka mpya. Nikaenda soko la Birere nikanunua ya kuiga kwa dola 25. Kwa macho ilikuwa nzuri kweli, inang'aa, na umbo ni lile lile. Nikaifunga mwenyewe jioni moja.

Haki yake niipe: doa la asubuhi liliisha siku hiyo hiyo. Basi, hapo sifa zake zinaishia. Moshi uliongezeka mpaka jirani akaniuliza kama nachoma taka. Nilipopanda Kibumba, kaskazini mwa mji, kuchukua kabichi, moto ilikuwa inakabwa, navuta gesi yote lakini nguvu haiji, inanguruma tu kwa sauti nzito. Nilipotoa buji (Watanzania wanaiita plagi) ilikuwa nyeusi na imelowa. Na ile kelele ya kuachia gesi? Ilikuwepo vile vile. Kabureta mpya, ugonjwa wa zamani.

Hili la moshi lina sababu rahisi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kaskazini unazidi hapo. Hewa ya huku ni nyepesi. Jikleri, ile misumari midogo ya shaba yenye tundu katikati inayopitisha esansi, ikiwa imepimwa kwa miji ya pwani, huku inatoa esansi nyingi kuliko hewa inayoingia. Injini inashiba kupita kiasi. Jikleri kuu inapaswa kushuka namba moja au mbili, na kwenye kabureta yangu ya zamani kumbe mtu alishafanya kazi hiyo kabla yangu.

Nikapelekwa kwa fundi mmoja wa Ndosho, mzee asiye na haraka. Aliiangalia ile mpya dakika moja tu.

“Papa, ya zamani iko wapi?”

“Iko nyumbani, mzee, ndani ya bati la biskuti.”

“Uilete. Hii iko na sura tu.”

Kitu cha kwanza alichofanya hakikugusa kabureta. Aliwasha moto, akaiacha ipige polepole, akachukua chupa ya maji yenye matundu kwenye kifuniko, akanyunyiza kidogo juu ya mpira unaounganisha kabureta na injini. Mlio ukabadilika pale pale. Akaung'oa, akaukunja kati ya vidole viwili, na upande wa chini, ambao huwezi kuuona moto ikiwa imesimama, ulifunguka nyufa nne au tano kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku. Hewa ilikuwa inaingia hapo bila ruhusa. Ndiyo maana injini ilikuwa inalia ninapoachia gesi, na ndiyo maana dola zangu 25 hazikusaidia kitu. Afadhali nimejua mapema: kwenye mipigo miwili, hewa ya wizi inakausha mchanganyiko, na pistoni inaweza kukamata (kukwama) ukiwa katikati ya safari.

Mpira mpya dola 6. Kisha tukaifungua ya zamani. Hapa nimsifu kwa jambo dogo: skurubu za kabureta ya Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida lakini kichwa chake si kile kile, na bisibisi isiyo yake inazila. Tatu kati ya nne zilikuwa zimeshaliwa na waliotangulia. Hakulazimisha. Alizigonga kidogo kwa nyundo ili zilegee, akazishika kwa koleo, zikatoka.

Sindano ya boya ndiyo iliyokuwa inaleta doa. Ni kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Boya, kile kinachoelea ndani ya bakuli la esansi la kabureta, likipanda, ncha ya sindano inaziba njia ya esansi. Alinipa niipitishe kwenye ukucha. Kuzunguka ile ncha kulikuwa na mfereji mwembamba kama pete, kazi ya miaka ya kugonga mahali pamoja. Haizibi tena, hata uisafishe mara kumi.

Sasa kuhusu seti ya ukarabati niliyonunua kwa dola 9. Sindano ya boya na kiti chake zilikaa vizuri, na joenti (gasketi) ya bakuli haijavuja mpaka leo. Hivyo viwili peke yake vinalipa bei. Jikleri zilizomo sikuziamini. Tulizishika kuelekea jua pamoja na za zamani zenye namba ile ile, na tundu la mpya lilikuwa pana zaidi kwa macho. Tukarudisha za zamani baada ya kuzisafisha. Kama fundi wako anachukua waya wa chuma kuzibua jikleri, mnyang'anye. Shaba ni laini, tundu linapanuka, na halirudi tena. Huyu alitumia pampu ya matairi na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Vipira vidogo alivitoa pembeni kabla ya kuloweka chuma, maana dawa ya kusafishia inavivimbisha.

Skurubu ya hewa aliikaza mpaka mwisho polepole, akairudisha mzunguko mmoja na nusu, akasikiliza, akaongeza kidogo tena. Kwenye Mikuni hii ukikaza unapunguza hewa, yaani esansi inazidi. Mimi nilikuwa nafanya kinyume miezi yote hiyo. Kazi yote alinitoza dola 10.

Usafi wa kila siku sasa ni wangu. Vumbi letu ni jiwe la volkano ya Nyiragongo lililosagwa na matairi, jeusi, linakwaruza, kwa hiyo sponji ya filta naiosha kila wiki mbili na kuipaka oili kabla ya kuirudisha. Esansi ya kadhafi (muuza esansi) wa barabarani naichuja kwa kitambaa, na bado kila Jumapili nafungua skurubu ya chini ya bakuli niangalie kilichotulia. Mara mbili nimekuta tone la maji linazunguka chini ya esansi kama jicho. Na usiku nafunga bomba la tangi, jambo ambalo kumbe peke yake lingeniondolea lile doa.

Nimekaa nayo miezi 5 sasa. Inawaka kwa teke la pili, buji ina rangi ya chokoleti, Kibumba napanda na kabichi nyuma. Kilichobaki ni kile kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka ndani ukivuta gesi: kimelika pembeni, na injini ikiwa inapiga polepole nakisikia kinagonga tik-tik-tik. Cha asili sijakipata Birere. Fundi alijaribu kile cha kabureta mpya, kikagoma kuingia.