Ndiva za Upare: huduma ya maji inayolipiwa kwa jembe, na sasa kwa saruji

Ndiva ni bwawa dogo linalochimbwa kwenye mteremko ili kukusanya usiku maji ya mfereji ambayo, yakiachwa yatiririke moja kwa moja, yangenyonywa na udongo kabla ya kufika mashambani, na kisha kufunguliwa asubuhi yakiwa na nguvu ya kumfikia mwenye zamu. Ziko nyingi katika Milima ya Pare Kusini, wilayani Same. Tathmini hii inahusu zaidi zile za bonde la Makanya, ambako Vudee iko juu, Bangalala katikati, na Makanya yenyewe chini kwenye tambarare.

Mkulima asitarajie kutoka kwa ndiva kile inachotoa skimu kubwa ya mpunga. Nguvu yake iko pale mvua za vuli au masika zinapokatika mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele, kwa sababu maji ya zamu moja au mbili wakati huo ndiyo yanayotenganisha mavuno na mabua matupu. Kwa kazi hiyo sijaona huduma inayoizidi katika eneo lile. Ugawaji nao unastahili sifa ya pekee: kwa mapatano ya muda mrefu, watu wa Vudee hutumia maji ya mto mchana, na ya usiku huachwa yashuke kujaza ndiva za Bangalala. Mapatano hayo yameshikiliwa na undugu wa familia za juu na za kati kuliko yalivyoshikiliwa na karatasi yoyote. Wakulima wa Makanya, wanaotegemea mafuriko ya mto kumwagilia, hawana ulinzi wa namna hiyo, na hapo ndipo haki ya mfumo huu inapofikia ukomo.

Kuhusu bei, mtumiaji hulipa kwanza kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Kabla ya msimu, wanachama hutoka na majembe na makarai kuzoa tope lililojaa ndani ya ndiva na kuziba kingo za mfereji. Asiyetokea hutozwa faini, na anayeikaidi faini hukosa zamu yake. Naiona bei hii kuwa ya busara sana, kwa kuwa inadaiwa wakati mkulima ana nguvu lakini hana fedha, na kwa kuwa kila mmoja anaona kwa macho yake nani amelipa. Udhaifu wake ni kwamba siku ya kazi ni sawa kwa wote ilhali maji si sawa: mwenye shamba karibu na ndiva hupata karibu yote yaliyofunguliwa, na wa mwisho hupokea kilichobaki baada ya mfereji wa udongo kunywa fungu lake. Mjane asiye na kijana nyumbani hulazimika kuajiri kibarua, na kwake huduma hii huwa ya fedha taslimu tangu mwanzo. Kamati zinazosimamia ndiva zinapaswa kupunguza siku za kazi kwa watu kama hao, na kuwapa wa mwisho muda mrefu zaidi wa kufunguliwa maji.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni saruji. Baadhi ya ndiva zimesakafiwa kwa msaada wa miradi ya maendeleo, na ni kweli kwamba upotevu wa maji hupungua. Hata hivyo, ukuta wa udongo ukibomoka wanachama huurekebisha kwa mikono yao siku hiyohiyo, ilhali sakafu ya saruji ikipasuka hudai mifuko ya saruji, mchanga, fundi na usafiri, na hakuna msaragambo unaoweza kugeuka kuwa fedha hizo. Ndiva iliyosakafiwa bila mfuko wa akiba imeongezewa gharama bila kuongezewa njia ya kuilipa. Tena Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai kibali cha kutumia maji, na kibali kina ada yake, ambayo haielekezwi kwenye ukarabati wa mfereji. Mchango wa fedha baada ya mavuno, hata ukiwa mdogo, uliopimwa kwa ukubwa wa eneo linalomwagiliwa na kusomewa hesabu mkutanoni, ungeziba pengo hilo, mradi usiwe mbadala wa kazi; wenye uwezo wakiruhusiwa kulipa na kubaki nyumbani, tope litawangoja maskini peke yao.

Kwa ugawaji natoa alama nne kati ya tano, na kwa akiba ya matengenezo mbili. Anayetaka kukodi shamba linalohudumiwa na ndiva aulize kamati, kabla ya kumlipa mwenye shamba, ni nani kati yao wawili atakayetoka msaragambo, na kama faini za msimu uliopita zimelipwa, kwa maana deni hilo linaweza kumnyima maji mpangaji asiye na kosa.