Nimehamishia CD za Kanumba na Mzee Majuto kwenye flashi, Mwanza

Kama una CD za Bongo Movie zimelala kabatini, wahi kuzihamisha zikiwa bado zinasoma. Za kwetu nimezipeleka kwa fundi mmoja maeneo ya Mlango Mmoja. Nimeridhika na kazi yake, ila kuna mambo mawili usipoyasimamia mwenyewe utaumia.

Zile CD ni VCD, yaani CD za video, na moja haibebi zaidi ya dakika 80 hivi. Ndiyo maana filamu moja tulikuwa tunanunua diski mbili. Fundi anaipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, anaifungua kwenye kompyuta, anatoa faili la .DAT kisha analigeuza kuwa MP4, kwa sababu tivi yetu ya sasa .DAT haiigusi. Diski moja inakula kama MB 700 au 800, hivyo flashi ya GB 64 inatosha sana. Zilizochubuka kwa chini nyingi zimepona. Iliyobanduka juu, upande wenye picha, haikupona, maana filamu yenyewe imekaa hapo hapo chini ya rangi. Hiyo hakunidai hela. Iliniuma, kwa sababu ilikuwa ya Mzee Majuto.

Majuto mimi simlinganishi na mtu. Kabla hajafungua mdomo, uso wake ulishaanza kusema, na ile lafudhi ya Tanga ikija juu yake nyumba nzima inacheka, mpaka bibi asiyefuatilia hadithi. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018, na mpaka leo sijaona aliyekalia kiti chake.

Sasa hayo mambo mawili. La kwanza ni umbo la picha. VCD ilitengenezwa kwa tivi zile za kichogo, fundi akaivuta ijaze kioo kipana cha flati. Tumewasha nyumbani Kirumba, mama akakaza macho, akaniambia: "Mwanangu, huyu siye Kanumba. Kanumba alikuwa mrefu." Kweli, alikuwa amebanwa, mabega mapana, uso kama umekandamizwa. Nilirudisha flashi, nikamwambia fundi aache picha kama ilivyo, michirizi myeusi pembeni ibaki. Akarudia bila maneno, na Kanumba akawa Kanumba.

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa yule ni wa nyumbani. Kazaliwa Shinyanga mwaka 1984, akapitia kundi la maigizo la Kaole, akafika mahali pa kuigiza na Ramsey Nouah wa Nigeria bila kuonekana mgeni kwenye filamu yake mwenyewe. Ninachokipenda ni anavyosikiliza. Mwenzake anapoongea, yeye hakai tu kusubiri zamu yake. Unaona neno linavyomwingia, taya linakaza, ndipo anajibu. Tarehe 7 Aprili 2012 alipofariki alikuwa na miaka 28 tu. Ukimtazama leo unaona kabisa kwamba alikuwa bado anakua.

Jambo la pili: majina ya mwisho. Fundi aliyakata ili faili liwe dogo, akidhani hakuna anayeyasoma. Mimi nayasoma. Aliyeshika taa, aliyebeba maiki, dada aliyepaka wasanii vipodozi, wengi wao hawana mahali pengine walipoandikwa. Mwambie mapema asikate kitu, tangu maandishi ya mwanzo hadi kioo kinapokuwa cheusi.

Bei ni shilingi 1,500 kwa diski, na flashi unakwenda nayo. Nakushauri uweke nakala nyingine kwenye hadi disiki, flashi inakufa ghafla.

Nimebakiwa na kaseti za VHS zenye vichekesho vya Mzee Small, na huyu fundi hana deki. Kama unamjua mwenye deki inayofanya kazi, awe Mwanza mjini au hata ng'ambo ya Kamanga, naomba unielekeze.