Kabla hujanunua VFD ya mashine ya kukereza, uliza umeme ukirudi itafanya nini

Lalamiko linalonifikia kutoka kwa wakereza wa mbao wa Nsambya na Ndeeba, hapa Kampala, ni lile lile. Fundi amechoka kuhamisha mkanda kutoka puli hii hadi ile, ameenda mjini akanunua VFD, yaani kifaa cha kurekebisha kasi ya mota, amekifunga, na miguu ya vitanda inatoka laini. Kisha umeme unakatika. Anaacha spana kwenye kichwa cha mashine, anatoka kunywa chai. Umeme unarudi, mashine inaanza yenyewe, spana inaruka.

Wauzaji watakutajia wati na skrini, lakini hili hawaligusi. Kwetu, ambako umeme huondoka na kurudi bila hodi, mimi naliweka mbele ya bei, mbele ya jina, mbele ya kila kitu.

Chaguo langu la kwanza ni mota ya fezi tatu pamoja na Schneider Altivar 12. Naipenda na sifichi. Ile inayopokea fezi moja ya ukutani hutoa fezi tatu kwa mota, na kilowati 0.75 zinatosha mashine ndogo. Kwa mabakuli makubwa chukua 1.5. Inapotoka kiwandani imepangwa kwamba umeme ukirudi haianzi hata kama swichi imebaki upande wa kuwasha: mpaka uizime na kuiwasha upya. Kwenye menyu tafuta tCt, mpangilio unaosema swichi isomwe vipi, uhakikishe imeandikwa trn, yaani mashine huanza pale tu swichi inapobadilishwa. Ukikuta LEL, yaani inaanza kwa sababu tu swichi imebaki imewashwa, kuna mtu ameigusa, irudishe. Vizuri zaidi, weka tCC, aina ya uendeshaji, kwenye 3C, ya nyaya tatu, ufunge vitufe viwili, kimoja cha kuwasha na kingine cha kuzima. Kitufe kilichoachwa hakikumbuki kitu, kwa hiyo mashine inabaki imelala mpaka mkono wako uiamshe.

Sasa mota. Soma kibati chake. Kikisema 230/400, ifunge kwa delta, muunganisho wa pembetatu, na itafanya kazi. Kikisema 400/690, iache dukani, kwa sababu kwenye VFD ya volti 230 itakuwa dhaifu. Ile mota yako ya zamani ya fezi moja yenye kapasita haifai hata kidogo, na hapa ndipo nakasirika: duka linakuuzia VFD likijua kabisa kwamba mota uliyonayo haitaikubali, halafu wiki ijayo linakuuzia mota kwa bei ya mtu aliyekwama.

Puli zako usizitupe. Wakereza wana kipimo cha kuzidisha kipenyo cha ubao kwa inchi na mizunguko ya dakika, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 12 basi linataka mizunguko 500 hadi 750, na gogo ambalo bado halijawa duara lianze chini ya hapo. Mota ya poli nne kwenye Hz 50 huzunguka kama 1,400. Ukiishusha kwa VFD peke yake, feni yake nayo inashuka, mota inachemka, na patasi ikiuma mvule mashine inasimama. Tumia puli kupata nguvu, VFD kupata kasi unayoitaka.

Ya pili ni VFD ya kampuni ya Delta, mfululizo wa VFD-EL. Kifaa kizuri, ila mpangilio wa kuzuia kuanza yenyewe ufungulie kitabu uuthibitishe mwenyewe. Muuzaji asiyekupa kitabu amekuuzia nusu ya bidhaa.

Ya tatu, mota za servo za vyerehani vya kiwandani, wati 550 au 750. Kwa vijiti vya ngazi na kazi nyembamba zinatosha. Mota za mashine za kukimbilia za mazoezi naziweka chini yake: nyingi ziko wazi, na vumbi la mbao za musizi linaingia moja kwa moja kwenye brashi za kaboni za mota.

Vile visanduku vya bei rahisi vyenye kifundo kimoja, vinavyoandikwa wati 4,000, havifai kwa mota ya kapasita. Tuviache hapo.

Chochote utakachochagua, kijaribiwe mezani kabla hujatoa hela. Mwambie muuzaji afunge mota, aiwashe, achomoe waya ukutani, angoje skrini izime kabisa, kisha achomeke tena. Ikizunguka yenyewe, abadilishe mpangilio mbele yako na jaribio lirudiwe. Nimeona bei ya kifaa kile kile ikipanda kati ya mlango na mlango kwenye jengo moja, kulingana na viatu vya mteja. Basi angalau ulipie kitu kilichojaribiwa. Na ukifika karakana, kitie kwenye sanduku la bati mbali na maranda, lenye matundu yaliyofunikwa kwa kitambaa cha kuchuja unachokisafisha kila Jumamosi.